Mililita Moja ya Dawa ya Ng'ombe

Duka la dawa za mifugo, liwe Morogoro au Nakuru, ni nadra kukosa chupa ya ivermektini ya sindano ya asilimia 1. Ni dawa ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, na kwa ng'ombe lebo yake inaelekeza mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Lakini chupa hiyohiyo ndiyo inayoshushwa kwenye rafu mteja anapofika na kusema kwamba mbwa wake anajikuna usiku kucha, manyoya yamepukutika na ngozi imekuwa magamba matupu. Muuzaji anakadiria, bomba linavutwa, mbwa anachomwa. Mara nyingi anapona, tena anapona vizuri, na baada ya wiki chache manyoya yanarudi. Kwa kuwa mara nyingi anapona, imejengeka imani kwamba dawa hii haina neno kwa mbwa yeyote, kwa kiasi chochote.

Halafu hutokea mbwa ambaye saa chache baada ya sindano anaanza kuyumba. Mate yanamchuruzika, mboni za macho zimetanuka, anajigonga ukutani kwa sababu haoni. Usiku anatetemeka, asubuhi amelala ubavu hajitambui. Wenye nyumba wanaanza kuulizana ni nani aliyemtupia nyama yenye sumu. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza habari za ile sindano.

Uchambuzi huu unaihusu sindano ile, pamoja na nyingine zinazofanana nayo. Madhara mengi ya dawa kwa mbwa, ambayo tumezoea kuyaita bahati mbaya, yana sababu inayojulikana. Dawa inaweza kuwa nzuri na halali kabisa, na bado ikaua, kwa sababu kiasi kilikadiriwa kwa macho, au mnyama aliyeandikiwa siye aliyepewa, au mwili wa mbwa yule hauna kinga ambayo mwenzake anayo. Mwenye mbwa anayeyaelewa haya anaweza kuzuia vifo vingi kabla havijamfikisha kwa daktari.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo mbwa wengi wanapopotelea. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 za ivermektini katika kila mililita, yaani mikrogramu 10,000. Ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake. Vidonge vya ivermektini vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, vya kumkinga na minyoo ya moyo, humpa mikrogramu 6 tu kwa kilo, mara moja kwa mwezi. Sasa mchukue mbwa wa kilo 10 aliyechomwa mililita 1, kwa sababu tu mililita 1 ikitazamwa kwenye bomba huonekana ni kidogo. Amepata mikrogramu 1,000 kwa kilo: mara tano ya kipimo cha ng'ombe, na zaidi ya mara 160 ya kipimo cha vidonge vyake. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 akipewa mililita hiyo moja amepata mikrogramu 5,000 kwa kilo, kiwango kinachomtetemesha hata mbwa asiye na kasoro yoyote mwilini. Daktari akiamua kumtibu yule wa kilo 10 upele kwa mikrogramu 200 kwa kilo, kiasi chake ni mililita 0.2. Kiasi hicho hakilengeki kwa bomba kubwa la kuchomea ng'ombe. Linatakiwa bomba dogo la mililita 1, na linatakiwa zaidi ya hapo mbwa apimwe uzito kwa mizani. Mtu mzima akipanda kwenye mizani ya kawaida akiwa amembeba mbwa, kisha akapanda peke yake, tofauti ndiyo uzito wa mbwa. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Ivermektini yenyewe ina historia ya heshima, wala sisemi haya ili watu waiogope. Asili yake ni bakteria aliyepatikana katika udongo wa Kawana, Japani, miaka ya 1970, katika utafiti wa Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato. William Campbell na wenzake katika kampuni ya Merck, Marekani, ndio walioonyesha uwezo wake dhidi ya minyoo ya wanyama. Iliingia sokoni kama dawa ya mifugo mwaka 1981. Mwaka 1987 Merck ilitangaza kwamba itaitoa bure kwa binadamu dhidi ya usubi, ugonjwa unaopofusha, na tangu hapo watu wengi wa maeneo kama Mahenge wameimeza katika kampeni za kugawa dawa vijijini. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell wakapewa Tuzo ya Nobel. Dawa iliyookoa macho ya mamilioni ya watu inawezaje basi kumpofusha mbwa kwa sindano moja?

Jibu liko katika namna inavyofanya kazi. Ivermektini huua minyoo na wadudu kwa kushikilia wazi vijilango vidogo vilivyomo kwenye neva na misuli yao. Chembe za kloridi zinaingia, neva inazimika, mdudu anapooza. Vijilango vya aina hiyo hasa sisi tulio na uti wa mgongo hatuna. Lakini ubongo wetu, na wa mbwa pia, una vingine vinavyofanana navyo, na ivermektini ikivifikia kwa wingi huvishikilia wazi vilevile. Kinachotuokoa ni kwamba haivifikii. Mishipa ya damu inayolisha ubongo ina ukuta mgumu kupenya, na kwenye ukuta huo kuna protini inayoitwa P-glaikoprotini, ambayo kazi yake ni ya bawabu: kila molekuli ya dawa inayojipenyeza anaikamata na kuirudisha kwenye damu. Mbwa mwenye bawabu mzima anaweza kustahimili ivermektini nyingi kabla dalili hazijaonekana. Asiye naye anaangushwa na kiasi kidogo sana.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana bila kutafutwa. Alfred Schinkel na wenzake katika Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, Amsterdam, walikuwa wamezalisha panya wasio na protini hiyo ili kuchunguza namna dawa za saratani zinavyosafiri mwilini. Panya wale wakapatwa na utitiri, wakanyunyiziwa ivermektini kama wanavyofanyiwa panya wowote wa maabara. Wale wa kawaida hawakudhurika. Wale wasio na protini karibu wote walikufa. Watafiti walipopima ubongo wao waliikuta dawa imejaa humo, kwa kiwango ambacho panya wa kawaida hawakuwa nacho hata kwa mbali. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1994.

Wakati huo madaktari wa mifugo wa Marekani walikuwa na kitendawili chao. Tangu miaka ya 1980 walikuwa wakiona mbwa wa aina ya Collie, mbwa wa kuchunga kondoo mwenye asili ya Scotland, wakianguka kwa mikrogramu 100 hadi 120 tu kwa kilo, huku mbwa wa aina nyingine wakipewa mara kumi ya hapo bila shida. Mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walieleza sababu. Katika jeni inayoitwa MDR1, ile inayobeba maelekezo ya kutengeneza bawabu, Collie hawa walikuwa wamepungukiwa na herufi nne za kinasaba. Herufi nne zikikosekana maelekezo yanavurugika, na protini inakatika kabla haijakamilika. Takriban Collie 7 kati ya 10 wana angalau nakala moja ya jeni hiyo mbovu. Kwa Australian Shepherd ni kama nusu. Utafiti uliofuata mwaka 2004 ulilinganisha vinasaba vya mbwa wa aina mbalimbali, ukaelekea kwenye babu mmoja aliyeishi Uingereza katika karne ya 19, kabla aina hizo hazijatenganishwa na wafugaji.

Msomaji wa Dodoma au Kisumu anaweza kusema kwamba Collie si mbwa wa huku. Ni kweli, ni wachache. Lakini German Shepherd ni wa huku. Ndiye mbwa wa ulinzi anayependwa mijini, ndiye anayepandishwa kwa mbwa wa kienyeji ili wapatikane chotara wakubwa na wakali, na takriban mmoja kati ya kila 10 ana jeni hiyo. Chotara hurithi jeni hata kama masikio na rangi vimefuata upande wa mama. Wale wa zamani Uingereza na Marekani walikuwa wakionyana kutompa dawa hii mbwa mwenye miguu myeupe. Rangi ya miguu haitoshi. Kinachotosha ni kipimo cha vinasaba, ambacho huchukuliwa kwa pamba inayosuguliwa ndani ya shavu. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, na kwa wengi wetu hakipatikani, daktari mwangalifu humchukulia German Shepherd na chotara wake kama mbwa asiyejulikana hali yake: huanza na kiasi kidogo cha kumeza, akakiongeza siku hadi siku, na kuacha mara tu mboni zinapotanuka au miguu inapoyumba. Au huchagua dawa nyingine kabisa.

Bawabu yule hazuii ivermektini peke yake. Anahusika pia na vidonge vya loperamidi, ambavyo watu wanavyo nyumbani vya kuzuia kuhara na ambavyo mbwa anayeendesha hupewa kwa huruma tu. Anahusika na esepromazini ya kutuliza mbwa. Na anahusika na vinkristini, dawa ambayo katika Afrika Mashariki ina uzito wa pekee. Pale mbwa wanapozurura na kupandana ovyo, kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana, unaotokeza sehemu za siri na kuvuja damu. Dawa yake ni vinkristini, sindano ya mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na hutibu kwa namna inayofurahisha, kwani uvimbe mkubwa hunywea hadi ukatoweka. Kwa mbwa mwenye jeni mbovu, kipimo kilekile cha kawaida humwangusha chembe nyeupe za damu, akahara, akashindwa kula, na maambukizi madogo yakamwua. Kabla ya kumchoma German Shepherd vinkristini, suala la jeni hii linastahili kuzungumzwa mezani, na chembe nyeupe zihesabiwe kabla ya kila sindano.

Mbwa akishalewa ivermektini afanyiwe nini? Hakuna dawa ya kuibatilisha. Baadhi ya madaktari wamewatundikia mbwa dripu ya mafuta, ile inayotumika kuwalisha wagonjwa mahututi, ikasaidia baadhi yao, ingawa kwa wenye jeni mbovu mafanikio si ya kutegemea. Tiba halisi ni uangalizi: maji ya dripu, joto, macho yapakwe mafuta yasikauke, mbwa ageuzwe kila baada ya saa chache asipate vidonda, apumuliwe kwa mashine kama mapafu yamechoka na mashine ipo. Dawa huondoka mwilini polepole, kwa siku nyingi, na mbwa anaweza kulala hajitambui kwa wiki kisha akaamka, macho yakarudi kuona. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu mbwa wengi hukatiwa tamaa mapema, siku ya pili tu, wakati bado walikuwa na njia ya kurudi. Na maziwa, ambayo nyumba nyingi huyaamini kuwa dawa ya kila sumu, hayafai kwa mbwa anayeyumba: hawezi kumeza sawasawa, yanaingia mapafuni, na sasa ana matatizo mawili.

Kuna mbwa wengine wanaodhurika na ivermektini bila kuhusika na jeni wala kuzidishiwa kipimo. Mbwa aliyejaa minyoo ya moyo, ambayo husambazwa na mbu, ana maelfu ya vitoto vya minyoo vinavyoogelea katika damu. Dawa ikiviua vyote kwa mkupuo, mwili unapambana na mizoga hiyo yote kwa wakati mmoja, na mbwa anaweza kuzirai kwa mshtuko ndani ya saa chache. Binadamu wameyapata haya pia. Katika misitu ya Afrika ya Kati, ikiwemo ya Kongo, watu wenye minyoo ya loa kwa wingi wamepoteza fahamu baada ya kumeza dawa ya usubi. Dawa ilifanya kazi yake barabara, na kazi hiyo ndiyo iliyomwumiza mgonjwa. Ndiyo maana mbwa mzima hupimwa damu kwanza kabla ya kuanzishiwa vidonge vya kuzuia minyoo ya moyo.

Dawa ya pili ninayotaka tuitazame kwa utulivu ni diminazini, ile ya unga wa njano inayochanganywa na maji, iliyotumika tangu miaka ya 1950 dhidi ya nagana na homa za kupe. Wengi wanaijua kwa jina la Berenil. Mbwa wa maeneo ya ndorobo hupata nagana vibaya sana, macho yanapauka kwa ukungu na mwili unakonda, na diminazini ni msaada wa kweli kwao. Pakiti ndogo ya kawaida ina miligramu 1,050 za dawa, kwa kuwa imekusudiwa mnyama wa kilo 300 kwa kiwango cha miligramu 3.5 kwa kilo. Mbwa wa kilo 15 anahitaji sehemu moja kati ya 20 ya pakiti hiyo. Anayechanganya pakiti nzima kisha akavuta "kidogo tu" anacheza na dawa ambayo nafasi kati ya kuponya na kudhuru ni finyu kupita nyingi anazozijua. Kipimo kikizidi, au sindano ikirudiwa mapema kwa sababu mbwa hajachangamka, damu huvuja ndani ya ubongo, hasa sehemu ya nyuma inayoshika mizani ya mwili. Siku moja au mbili baadaye macho yanachezacheza, kichwa kinajipinda nyuma, miguu inakakamaa. Hapo karibu hakuna cha kufanya. Na kwa sababu dalili huchelewa, wengi hudhani ugonjwa ndio uliopanda kichwani, wakaongeza sindano nyingine.

Linganisha na imidokabu, dawa nyingine ya homa ya kupe. Mbwa akichomwa imidokabu, mara nyingi ndani ya nusu saa anatokwa mate, anatapika, pengine anaendesha, na pale pa sindano panauma. Mwenye mbwa hushtuka. Hayo ni madhara yanayotarajiwa, yanapita, na daktari anaweza kuyazuia kwa sindano ya atropini kabla. Tofauti hii kati ya madhara ya kupita na sumu inayoharibu kiungo ndiyo ambayo mwenye mbwa anatakiwa kuelezwa kabla ya kuondoka kliniki: nini ataona usiku huu asiogope, na nini akikiona arudi mbio. Daktari asiyeeleza hilo amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu amitrazi, dawa ya kuogesha, nitasema machache. Ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Kumpaka mbwa ikiwa haijachanganywa ni kumlaza: moyo unapunguza mapigo, joto linashuka, anasinzia asiamke. Hii ina dawa ya kuibatilisha, atipamezoli au yohimbini, kwa hiyo mwahishe kliniki huku ukimwosha kwa sabuni na maji mengi, na uende na chupa.

Tatizo la dawa za maumivu za binadamu huanzia kwenye wema. Mbwa anachechemea, mwenyewe ana vidonge kabatini, anamgawia. Kidonge cha ibuprofeni cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 8 ni miligramu 50 kwa kilo, kiwango kinachoweza kumchimba vidonda tumboni hadi akatapika damu. Kikizidi hapo, figo nazo hushindwa. Dawa za kundi hili hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia hulinda ngozi ya ndani ya tumbo na kuweka damu ikitiririka kwenye figo, na mwili wa mbwa hauwezi kuiondoa ibuprofeni upesi kama wetu. Diklofenaki iko kundi hilohilo. Hatari huongezeka pale mbwa aliyechomwa deksamethasoni jana anapopewa dawa ya kundi hili leo, kwa mkono mwingine, katika duka lingine, bila mmoja kujua cha mwenzake. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, na hata hizo zina masharti yake: mbwa awe anakula na kunywa maji, na atakayeanza kutapika au kinyesi kikawa cheusi kama lami aache dawa siku hiyohiyo. Na paka wa nyumba hiyo asipewe kabisa parasetamoli; kidonge kimoja kinaweza kumwua.

Mzio ni habari nyingine. Hapa kipimo si hoja, kwa sababu tone dogo linatosha mwili ukishaamua kwamba kitu hiki ni adui. Uso unavimba, ngozi inatoka mabaka, au katika hali mbaya mbwa anatapika na kuanguka ndani ya dakika chache. Chanjo ndizo zinazolaumiwa zaidi. Utafiti uliofanywa Marekani kwa kumbukumbu za mbwa zaidi ya milioni 1.2, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta madhara ya aina zote ndani ya siku tatu kwa mbwa kama 38 katika kila 10,000 waliochanjwa, na ulionyesha kwamba mbwa wadogo waliopewa chanjo nyingi siku moja ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Somo la hapo ni kuzigawa chanjo kwa siku tofauti kwa mbwa mdogo, na kukaa kliniki kama nusu saa baada ya sindano. Somo la hapo si kuikimbia chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa kikishaonyesha dalili hakiponi, kwa mbwa wala kwa mtoto aliyeumwa naye. Ninaowasikia wakiacha kuchanja kwa sababu mbwa wa jirani alivimba pua nawasihi warudi.

Kisha lipo swali gumu kuliko yote: tunajuaje kwamba dawa ndiyo iliyosababisha? Mbwa aliyepewa dawa alikuwa mgonjwa tayari, na wagonjwa wengine hufa kwa ugonjwa wao. Wataalamu huuliza mambo machache. Je, muda unakubaliana na namna dawa inavyofanya kazi? Je, dalili zimewahi kuonekana kwa mbwa wengine waliopewa dawa hiyo? Je, zilipungua dawa ilipoachwa, zikarudi iliporudishwa? Je, kuna maelezo mengine yanayotosha? Ulaya taarifa za aina hii zimekuwa zikiwekwa katika madaraja, kuanzia zinazoelekea kuwa za kweli hadi zisizoelekea, na katikati kuna zile ambazo maelezo yake hayakutosha kuamua. Hizo za katikati ndizo zinazonisikitisha, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni kitu kidogo kama uzito wa mbwa au jina la dawa.

Thamani ya taarifa hizo imeshaonekana. Mwaka 2004 sindano moja ya Marekani ya kukinga minyoo ya moyo kwa miezi sita, ProHeart 6, iliondolewa sokoni kwa ombi la mamlaka ya dawa ya nchi hiyo baada ya kupokewa taarifa zaidi ya 5,000 za madhara. Ilirudi mwaka 2008 ikiwa na masharti mapya. Mwaka 2018 mamlaka hiyohiyo ilitoa tahadhari kuhusu dawa za kupe na viroboto za kundi la isoksazolini, miongoni mwazo Bravecto, NexGard na Simparica, kwamba baadhi ya mbwa hutetemeka, huyumba au hupata kifafa. Hazikuondolewa, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani mbwa wengi hawadhuriki nazo na kupe nao wanaua. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mbwa aliyewahi kuwa na kifafa sasa anaonywa mapema, na daktari anamchagulia njia nyingine. Onyo hilo lilitokana na wenye mbwa na madaktari walioandika walichokiona.

Kwetu taasisi za kupokea taarifa zipo. Tanzania Bara mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, inasimamia dawa za mifugo pamoja na za binadamu. Kenya ina Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, inayojulikana kwa herufi VMD. Lakini mbwa akifa baada ya sindano, kwa kawaida huzikwa nyuma ya nyumba na habari inaishia hapo. Muuzaji haambiwi, daktari haandiki, mtengenezaji hajui. Matokeo yake ni kwamba maarifa tuliyonayo juu ya usalama wa dawa za mbwa yametoka kwa mbwa wa Marekani na Ulaya, wanaolala ndani na kula chakula cha pakiti. Mbwa wetu wana kupe wengi zaidi, minyoo mingi zaidi, upungufu wa damu, na mara nyingi wana dawa mbili tatu mwilini kwa pamoja. Wanastahili takwimu zao wenyewe.

Kwa hiyo, mwenye mbwa, kabla sindano haijaingia, piga picha ya lebo ya chupa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha ionekane. Uliza jina la dawa na idadi ya mililita, uandike pamoja na uzito wa mbwa na saa. Taja kila dawa aliyopewa wiki mbili zilizopita, hata ile uliyoinunua mwenyewe. Likitokea la kutokea, mpelekee daktari maandishi hayo, na mwombe ayafikishe kwa mamlaka ya dawa. Na wewe daktari, jaza fomu hata kama huna hakika. Kuamua ni kazi ya watakaozisoma fomu 100 zinazofanana na yako.